UZI: Malangatana Ngwenya, mchoraji wa Msumbiji aliyekuwa pia mshairi

Lukuledi:

Wakuu, habari za jioni. Nimeahidi mara nyingi humu kwamba nitaandika kuhusu huyu mzee, leo natimiza. Uzi utakuwa mrefu, nitauandika kwa vipande. Mwenye swali aulize tu, asisubiri nimalize.

Sisi wa kusini mwa Tanzania tunaijua Frelimo vizuri, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi, hapahapa Dar, tarehe 3 Februari 1969. Hayo kila mtu anayataja. Lakini ukiuliza watu wa Msumbiji waliopigana kwa brashi na kalamu ni akina nani, kimya. Ndiyo maana nataka tumzungumze Malangatana. Wengi wanaomjua wanamjua kama mchoraji. Mimi nasema hivi: ukimwona kama mchoraji tu umemwona nusu. Mashairi yake yametoka palepale zilipotoka picha, na usipoyasoma, kuna vitu kwenye zile picha vitakupita.

Jina kamili ni Malangatana Valente Ngwenya. Alizaliwa tarehe 6 Juni 1936 kijiji cha Matalana, wilaya ya Marracuene, kaskazini kidogo ya Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Baba alikuwa mchimbaji kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kama walivyokuwa wanaume wengi wa kusini mwa Msumbiji. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama. Naomba mumshike huyu mama, tutamrudia.

Mama yake alikuwa fundi. Alipamba vibuyu kwa shanga. Alichonga watu meno yakawa na ncha, na aliwachanja chale, kwa desturi ya wakati ule. Yaani mtoto anakua akiona mwili wa binadamu ukipambwa kwa kuumizwa, na watu wanakuja kwa hiari yao na kushukuru. Baadaye mama akaugua akili. Kwa mtoto ambaye baba yuko migodini, hebu fikirieni nyumba inakuwaje.

Pia alikuwa na wajomba waliokuwa waganga wa jadi, akakaa karibu na shughuli zao. Alichunga mifugo. Alisoma kidogo shule ya misheni ya Waswisi, halafu ya Wakatoliki, akaishia darasa la tatu. Mtoto Mwafrika chini ya Mreno kufika hapo palikuwa mbali. Nchi ilipopata uhuru, zaidi ya watu 9 kwa kila 10 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika.

Naendelea.

---

Lukuledi:

Akiwa na miaka 12 hivi akaingia mjini kutafuta kazi. Alifanya kazi za ndani, alilea watoto wa watu, kisha akapata kazi kwenye klabu ya tenisi ya wazungu. Kazi yenyewe: kuokota mipira.

Hapo ndipo maisha yalipogeuka. Mmoja wa waliokuja kucheza alikuwa Augusto Cabral, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa pia mchoraji. Cabral mwenyewe alisimulia baadaye: siku moja baada ya mchezo yule kijana alimwendea, akamwomba kama ana viatu vya zamani vya kumpa. Akamchukua mpaka nyumbani. Kijana alipofika akamkuta na picha anayoichora, akasahau viatu. Akamwomba amfundishe. Cabral akampa rangi, brashi na vipande vya mbao, akamwambia achore kilicho kichwani mwake.

Usiku alikuwa anasoma shule ya jioni na kuhudhuria kile chama cha wasanii cha mjini, Núcleo de Arte. Mwaka 1959 picha zake zikaonyeshwa pamoja na za wengine. Halafu akatokea msanifu majengo, Pancho Guedes, Mreno aliyejenga majumba ya ajabu pale mjini, mengine hadi leo watu wanasimama kuyatazama. Guedes alimpa nafasi kwenye gereji ya nyumba yake awe anachorea, na akawa ananunua picha zake kila mwezi ili kijana aache kazi ya klabu na achore tu. Mwaka 1961, akiwa na miaka 25, akafanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake.

Mwaka huohuo alichora picha ya Siku ya Hukumu. Ukiitafuta mtandaoni utaipata. Hakuna nafasi hata ya kuweka kidole. Nyuso zimebanana, macho meupe yametoka, meno, kucha, mapadri ndani ya kundi hilohilo na watu wanaotafunana. Katekisimu ya misheni na hadithi za usiku kijijini zimeingia kwenye chungu kimoja.

---

Pwani Kusini:

Mkuu Lukuledi, asante. Swali: hizo kucha na meno mbona ni kama mashetani ya Wamakonde? Huyu hakuwa Mmakonde kweli?

---

Lukuledi:

Swali zuri mkuu, na wengi wanachanganya. Hapana. Yeye alikuwa Mronga, mtu wa kusini kabisa. Wamakonde ni wa kaskazini, uwanda wa Mueda, Cabo Delgado, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Matalana. Ile staili ya shetani kwenye mpingo ilianzia kwa Samaki Likankoa, mchongaji aliyevuka Ruvuma akaja kufanya kazi Dar, miaka ya 1950. Malangatana alikuwa upande mwingine wa nchi, hakuwa mwanafunzi wa hao.

Ila mfanano unaouona upo. Wote wawili walikuwa watu wa ukoloni uleule wa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, na kodi ya kichwa, na wote walikuwa na viumbe wa usiku ambao padri aliwaambia hawapo. Tofauti naiona hapa: shetani wa mpingo mara nyingi yuko peke yake, amejikunja, unaweza kumzunguka. Wa Malangatana hayuko peke yake hata mara moja. Ni halaiki. Na ndani ya halaiki hiyo huwezi kusema kwa uhakika nani shetani na nani jirani yako.

Halafu kumbuka meno yale mama yake alikuwa akiyachonga kwa mikono yake. Mzungu akitazama meno ya ncha anaona ukatili. Mtoto wa Matalana aliona urembo na maumivu kwa pamoja. Ndiyo maana nikasema tumshike huyo mama.

---

Lukuledi:

Sasa mashairi, sehemu niliyoitaka tangu mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulli Beier, yule Mjerumani aliyekuwa Nigeria, alimfahamu kupitia Guedes. Mwaka 1962 picha za Malangatana zikaonyeshwa Ibadan, kwenye klabu ya Mbari iliyokuwa kituo cha waandishi na wasanii wa Afrika Magharibi. Na mwaka 1963 Beier na Gerald Moore walipotoa London mkusanyo wa mashairi mapya ya Afrika, wakaweka ndani yake mashairi ya kijana huyu wa darasa la tatu, yakiwa yametafsiriwa kutoka Kireno. Amekaa humo pamoja na akina Senghor na Soyinka.

Kuna moja analomwambia mama yake aliyejaa wasiwasi. Ni shairi la uzazi, na anayesimulia ni mtoto aliyezaliwa. Nalieleza kwa maneno yangu. Anasema nilikuja mikononi mwako ukiwa na hofu kwamba Mungu atanichukua. Watu wote kimya wanatazama kama uzazi unakwenda vizuri. Wote wamenawa mikono wapate kumpokea anayetoka mbinguni. Wanawake wametulia, wana hofu. Kisha anatoka, anavuta pumzi, na mama anapiga kelele za furaha. Busu la kwanza linatoka kwa bibi. Bibi anambeba, anamficha chumbani, wengine hawaruhusiwi kuingia kwa sababu wananuka na mtoto bado mbichi. Na huyo bibi ni kama amepagawa, anachungulia, anarudi kuchungulia tena, kwa ajili ya nzi na mbu. Na Mungu, ambaye naye alikuwa akimlinda mtoto, alikuwa rafiki wa bibi.

Wakuu, nani humu hajakaa kwenye nyumba ya mzazi akayaona haya? Mtoto kufichwa ndani, mtu aliyetoka safari haruhusiwi kumkaribia kabla hajanawa, bibi kulala nje ya mlango. Sijasoma shairi jingine la Afrika la wakati ule lililoingia chumba cha uzazi kwa ukaribu huu. Na mwandishi ni mwanaume wa miaka ishirini na kitu.

Lingine linahusu mwanamke. Mtoni kutakuwa na samaki wakubwa mno, pengine ndiyo dalili ya mwisho wa dunia, kwa kuwa watammaliza mwanamke, yeye anayepamba mashamba. Hapo ndipo unaiona picha. Yale matumbo, matiti na midomo iliyobanana kwenye turubai zake, pamoja na yale meno, vyote vimo kwenye hiyo mistari. Hofu ya mtoto kwamba mama ataliwa. Mtoto ambaye mama yake kweli alichukuliwa, na ugonjwa.

---

Nyundo ya Chuma:

Mkuu, heshima yako, ila hapa unazidisha. Mchoraji akiandika mashairi mawili matatu haimfanyi mwandishi. Wangapi wanachora na wanaandika pembeni? Picha zake ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Mashairi nani anayasoma?

---

Lukuledi:

Mkuu Nyundo, hoja yako naielewa. Lakini si mawili matatu. Aliandika maisha yake yote, na mwaka 1996 kikatoka Lisbon kitabu cha mashairi yake 24. Ni kweli wanaoyasoma ni wachache. Hilo ni tatizo letu sisi wasomaji, halipunguzi thamani ya aliyeandika.

Na angalia jambo moja. Picha ya Malangatana haina mwanzo wala mwisho, vyote vinakuja mara moja, unazidiwa. Shairi linakwenda hatua kwa hatua: kwanza hofu, halafu kimya, halafu kilio, halafu bibi. Kwenye shairi analazimika kuamua nani anaanza. Kwa hiyo shairi linatuonyesha anachokipenda, wakati picha mara nyingi inatuonyesha kinachomtisha. Ule upole wa bibi anayefukuza nzi huupati kirahisi kwenye turubai za miaka ile. Mtu aliyeziona picha peke yake anaondoka akidhani huyu ni mtu wa jinamizi. Hakuwa hivyo. Waliokuwa naye wanamkumbuka kama mtu mnene mwenye kicheko, mwimbaji, akisimama mbele ya watu kwenye ufunguzi wa maonyesho anaweza kuanza kuimba kwa Kironga na kucheza.

---

Shangazi wa Tandika:

Mwanangu Lukuledi, nimesoma kile kipande cha bibi nikamkumbuka mama yangu mzazi. Hivyohivyo alivyokaa mlangoni nilipojifungua wa kwanza. Endelea, tunakusoma. Alifungwa lini? Umesema alipigana.

---

Lukuledi:

Shikamoo Shangazi. Ndiyo nafika huko.

Vita vya uhuru vilianza tarehe 25 Septemba 1964, mahali panapoitwa Chai, Cabo Delgado. Kule kusini, Lourenço Marques, Frelimo ilijaribu kujenga mtandao wa siri, na wasanii na waandishi wakawamo. PIDE, polisi wa siri wa Ureno, wakaufumua mapema sana. Malangatana akakamatwa, akakaa jela kama miezi 18. Aliyekuwa ndani naye ni José Craveirinha, mshairi mkubwa kuliko wote wa Msumbiji, ambaye mwaka 1991 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Camões, tuzo kubwa ya fasihi ya Kireno. Na Luís Bernardo Honwana, aliyekuwa ametoka tu kuchapisha hadithi zake fupi mwaka huohuo wa 1964, akiwa kijana wa miaka 22. Fasihi karibu nzima ya mji ule iliwekwa nyuma ya nondo.

Alichora jela. Michoro ya kalamu, mistari myembamba, bila rangi. Wafungwa wamelaliana, miguu ya mmoja kifuani kwa mwingine, macho yote wazi. Nikiitazama hiyo michoro naona kitu cha kutisha: zile halaiki alizokuwa akichora mwaka 1961, kabla hajafungwa, zilikuwa tayari zinafanana na seli. Hakuhitaji kubadilisha namna yake ya kuchora ili kuonyesha jela ya mkoloni. Nchi yenyewe ilikuwa imebanana hivyo.

Alipotoka akaendelea. Na mwaka 1971 akapata ufadhili wa taasisi ya Gulbenkian, akaenda Lisbon kusomea ufinyanzi na uchoraji wa kuchapa. Ndiyo, Ureno ileile, na vita bado vinaendelea. Wapo wanaolitumia hilo kumsema. Mimi simlaumu. Mtu wa darasa la tatu aliyejifunza kwa mbao za kupewa alikuwa na haki ya kujifunza ufundi popote ulipokuwepo. Alirudi nao nyumbani.

---

Bomani:

Mzee wetu mmoja alikuwa mwalimu kwa wakimbizi wa Msumbiji enzi hizo, alituambia Frelimo walikuwa wakali sana kwenye mambo ya sanaa, wanataka mabango ya mapinduzi tu. Baada ya uhuru huyu mzee aliishije nao? Maana mashetani na waganga si vitu walivyokuwa wanavipenda.

---

Lukuledi:

Kaka Bomani, umegusa penyewe.

Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975, na ni kweli, serikali mpya ilipiga vita uganga, uchifu, jando na unyago, ikiviita ushamba na ukale. Na huyu ni mtoto wa mchonga meno na mpwa wa waganga. Lakini alikuwa pia mwanachama wa kweli, aliyelipa kwa kifungo. Alibaki ndani ya chama, akafanya kazi za kiutamaduni mikoani, akachora kuta. Kati ya 1977 na 1979 alichora ukuta mkubwa kwenye bustani ya Makumbusho ya Historia Asilia, Maputo, kuhusu binadamu na maumbile. Ni makumbusho hayohayo ambayo Augusto Cabral, yule wa viatu vya tenisi, alikuja kuyaongoza.

Nimesimama mbele ya ukuta huo. Ulipochorwa, chama kilikuwa kimeshatangaza siasa ya Kimaksi na Kilenini, nchi imejaa mabango ya wakulima wenye misuli. Nilitegemea hayo. Sikuyaona. Niliona macho yaleyale, nyuso zile zile zimebanana, mnyama na mtu wameingiliana. Rangi ndiyo imefunguka zaidi. Kwa hiyo jibu langu: aliishi nao kwa kufanya kazi yao bila kubadilisha mkono wake. Hakuandamana wala kukimbilia nje. Wengine watasema alitakiwa kupaza sauti zaidi, na mjadala huo ni halali. Mimi nauona ukuta kama jibu lake, maana kila alichoambiwa ni ukale amekiweka pale hadharani, jengo la serikali, na haukufutwa.

Kisha vita vya Renamo, waasi waliopigana na serikali ya Frelimo. Miaka 16, mpaka mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, watu mamia ya maelfu wamekufa. Picha zake za miaka ya 1980 ni nyekundu mno. Sina moyo wa kuzieleza moja moja hapa, watakaotaka wazitafute. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha harakati za amani, na tangu 1990 hadi 1994 akawa mbunge wa Frelimo. Mwaka 1997 UNESCO ikamteua kuwa Msanii wa Amani, na mwaka huohuo akapata tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi.

Na kwao hakukusahau. Alijenga kituo cha utamaduni Matalana, watoto wa pale wapate pa kuchora na kucheza ngoma bila kwanza kuokota mipira ya mtu.

---

Pwani Kusini:

Alifariki lini? Na sisi wa huku tunaweza kuona kazi zake wapi bila kupanda ndege kwenda Ulaya?

---

Lukuledi:

Alifariki tarehe 5 Januari 2011, Matosinhos, kaskazini mwa Ureno, alikokuwa akitibiwa. Alikuwa na miaka 74. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Évora kilikuwa kimempa udaktari wa heshima. Alirudishwa nyumbani, akazikwa Matalana.

Kuona kazi: Maputo kwanza. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa wanazo, na yeye mwenyewe alishiriki kuyaanzisha. Ule ukuta wa Historia Asilia uko bustanini. Kuna mwingine kwenye Kituo cha Masomo ya Afrika, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Mwenye ndugu London amwambie aulize Tate, wana kazi yake. Chicago, Art Institute walimfanyia maonyesho makubwa mwaka 2020, picha nyingi za ile miaka ya 1960 mnaweza kuzitazama mtandaoni bure.

Ombi langu la mwisho kwa wanajukwaa wanaojua Kireno, na najua mpo, hasa mliokaa Pemba, Nampula na Beira. Yale mashairi 24 sijawahi kuyaona kwa Kiswahili. Nchi iliyoihifadhi Frelimo miaka kumi na zaidi haikosi mtu wa kuyatafsiri. Nipo tayari kukaa na yeyote kuisahihisha lugha kwa upande wa Kiswahili, mstari kwa mstari. Tuanze na lile la mama, aliye tayari aniandikie inbox.

---

Shangazi wa Tandika:

Kijana wangu wa pili alisoma Maputo, Kireno anakijua. Nimemtumia huu uzi. Kesho atakutafuta.